Noeli na Mwenye Kutafuta Chumba

Wiki hii wazazi wa Magomeni wanabanana Kariakoo wakitafuta viatu vya watoto, mchele na nyama ya pilau. Hatuwalaumu. Sikukuu bila furaha ingekuwa sikukuu gani? Ila twauliza: sahani zikiisha kuoshwa, Noeli itakuwa imetuachia nini?

Mwinjili Luka asimulia kwa maneno machache kwamba Maria alimlaza Mwanawe horini kwa kuwa hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Sisi tumezoea hori lililopambwa kwa taa. Mtakatifu Fransisko, kule Greccio mwaka 1223, alitaka hori lenye nyasi kavu, na ng'ombe na punda kando yake, ili watu waone kwa macho taabu ya Mtoto yule. Hilo ndilo fumbo la Umwilisho: Mungu alitwaa mwili kweli, wala si kwa mfano, na mwenye mwili ahitaji pa kulala.

Kukosa makao si habari ngeni kwetu. Familia 644 zilizoondolewa Magomeni Kota, Wakristu na Waislamu pamoja, zilingoja miaka mingi kabla ya kukabidhiwa majengo mapya Machi 2022.

Na leo je? Mume na mkewe mjamzito wakibisha hodi mtaani kutafuta chumba cha kupanga, huenda wakadaiwa kwanza kodi ya miezi sita, kisha waulizwe, "Mna watoto wangapi?" Wengine huambiwa chumba kimekwisha kuchukuliwa, na wiki ya pili kingali wazi. Mwenye nyumba huyo pengine ni mkristu mwenzetu, tena mwanakwaya hodari. Hatumhukumu, naye ana madeni yake, na wapangaji wasiolipa wamekwisha kumtesa. Lakini usiku wa Noeli atapiga magoti mbele ya hori na kumwabudu Mtoto ambaye wazazi wake walikosa chumba. Atamwambia nini? Nasi wengine tusio na nyumba za kupangisha, tuliomwona jirani akitolewa vyombo nje tukafunga mlango, tutamwambia nini?

Siku za Majilio zimebaki chache. Aliye na chumba kitupu uani, naye alimkataa mtu mwezi uliopita, bado aweza kumtafuta kabla ya Misa ya usiku.