Mafunzo Niliyopata kwa Kuzoea Vipimo Vinne na Kuendelea

Nafundisha hisabati sekondari, na swali la kipimo cha nne kiko wapi haliishi darasani. Haya ndiyo yaliyonisaidia kulijibu.

1. Kipimo ni namba tu. Karatasi ya mgonjwa huandikwa umri, uzito, urefu, joto na mapigo ya moyo. Mgonjwa huyo tayari ni nukta katika vipimo vitano, na nesi hashangai.

2. Hesabu kabla ya kutafuta picha. Chukua mchemraba, tengeneza nakala yake, unganisha kila kona na pacha wake. Kona 8 zinakuwa 16. Kingo ni 12 za kwanza, 12 za nakala na 8 za kuunganisha: jumla 32. Nikichora ubaoni mchemraba mdogo ndani ya mkubwa, wanafunzi huzihesabu wenyewe mpaka zitimie.

3. Kanuni ya Pythagoras haichoki. Ulalo wa mraba wenye upande wa 1 ni kipeuo cha pili cha 2. Katika vipimo vinne ulalo ni 2 kamili. Katika vipimo 100 ni 10, ilhali upande ungali 1. Kona zinazidi kwenda mbali.

4. Ujazo huzifuata kona. Duara linalogusa pande zote za mraba hujaza asilimia 78.5 ya eneo lake. Tufe ndani ya mchemraba hujaza 52.4. Katika vipimo vinne ni 30.8, na katika 10 haifiki hata asilimia moja.

5. Kilichobaki kwenye tufe kiko gandani. Menya chungwa ganda lenye unene wa sehemu moja ya mia ya nusukipenyo: umeondoa kama asilimia 3. Chungwa la vipimo 100 ukilimenya hivyohivyo, asilimia 63 imekwenda, maana 0.99 ikizidishwa yenyewe mara 100 hubaki 0.37 hivi.

6. Mfuatano si uthibitisho. Katika vipimo vitatu kuna maumbo mbonyeo 5 yaliyo sawa pande zote, mchemraba ukiwemo. Katika vinne yako 6. Darasa zima husema vitano vitatoa 7. Ludwig Schläfli wa Uswisi alionyesha katika karne ya 19 kwamba ni 3, na kutoka hapo hayaongezeki tena. Kwa hiyo namruhusu mwanafunzi kubahatisha, ila alama nampa kwa uthibitisho.