Nani Mwenye Mlango? Somo la Kukisia Fungu la Soko la Mitambo ya Kutafutia

Hapa Gisenyi, ukisimama karibu na mpaka wa Goma utawaona wafanyabiashara wengi wenye kadi mbili za simu, moja ya Rwanda na moja ya Kongo. Kampuni ya Rwanda yamhesabu mtu huyo kuwa ni wake, na kampuni ya Kongo vilevile. Mtu ni mmoja, lakini katika madaftari ya hesabu amekuwa wawili. Nimeanza na jambo hili dogo kwa sababu somo langu ni juu ya fungu la soko, na mwenye kutaka kukisia fungu la soko hana budi ajue kwanza ni kitu gani kilichohesabiwa.

Mtambo wa kutafutia ni ile programu tunayoiandikia swali, nayo ikatuletea kurasa za intaneti zinazohusu swali hilo. Google ni mmoja, Bing ya Microsoft ni mwingine. Warusi wana Yandex, Wachina wana Baidu. Hesabu inayotajwa sana magazetini hutoka kwa StatCounter, kampuni ya Ireland. Kazi yake ni hivi: huweka alama katika tovuti nyingi za dunia, na kila msomaji anapoingia katika mojawapo, alama ile huandika ametumwa na mtambo gani. Basi angalieni vizuri. Hesabu hii haihesabu watu wala maswali. Yahesabu waliofika. Aliyeuliza akapata jibu papo hapo bila kufungua ukurasa wowote, huyo hayumo.

Kwa hesabu hiyo, Google ilikuwa na zaidi ya 90 katika kila 100 duniani kwa miaka mingi, na katika Afrika vivyo hivyo. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mwaka 2024 ikashuka chini ya 90, jambo ambalo halikuonekana tangu 2015. Wengine wakaandika kwamba jitu limeanza kuanguka. Labda. Lakini tufanye hesabu ya darasani. Tuseme Google hutuma wasomaji 90, na mitambo mingine yote hutuma 10. Fungu la Google ni 90 katika 100. Sasa Google yaanza kujibu yenyewe maswali 30 kati ya yale 90, na wale 30 hawaendi kokote. Waliobaki ni 60 wa Google na 10 wa wengine, jumla 70. Gawanya 60 kwa 70: fungu la Google limekuwa karibu 86 katika 100. Limeshuka, wala hakuna hata mtu mmoja aliyehama! Sisemi kwamba ndivyo ilivyotokea mwaka 2024. Nasema kwamba tarakimu peke yake haiwezi kutuambia.

Watu wamekisia mambo haya tangu zamani na wengi wamekosea. AltaVista ilifunguliwa mwaka 1995, nayo ilisifiwa kwa upesi wake; ikafungwa Julai 2013, na wengi walikuwa wameisahau. Yahoo ilikuwa mlango mkuu wa intaneti wakati kampuni ya Google ilipoanzishwa, mwaka 1998. Mwaka 2000 Yahoo ikaipa Google kazi ya kuitafutia kurasa, na wageni wa Yahoo wakaliona jina la Google kila siku. Yahoo ilikuja kuacha kumtumia jirani huyo mwaka 2004, lakini wakati huo mgeni alikwisha kuwajua watu wote wa nyumba.

Kosa la karibu zaidi ni la mwaka 2023. Novemba 2022 ChatGPT ilitokea, na Februari 2023 Microsoft ikaitia akili bandia ya namna hiyo ndani ya Bing. Kelele zilikuwa nyingi. Ilisemwa kwamba sasa Google imepata mshindani wa kweli. Bing ilikuwa na karibu 3 katika 100 wakati huo. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa bado haijafika 4. Chombo kipya kilikuwa kizuri, watu wakakijaribu, kisha wakarudi walikozoea.

Kwa nini? Hapa ndipo kiini cha somo. Watu wengi hawachagui mtambo wa kutafutia. Wanaukuta. Mtu anunua simu, aifungua, akuta kisanduku cha kuandikia maswali kimekwisha wekwa, naye aandika humo. Aliye mlangoni ndiye apokeaye wageni. Google yalijua jambo hili kuliko yeyote. Katika kesi iliyosikilizwa Marekani ilidhihirika kwamba mwaka 2021 peke yake ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwekwe ya kwanza katika simu na vivinjari vya kampuni nyingine. Tarehe 5 Agosti 2024 Jaji Amit Mehta alihukumu kwamba Google imehodhi soko la kutafuta kinyume cha sheria. Mwezi wa Septemba 2025 alitoa amri: mikataba ya kumzuia mshindani asiwekwe ikatazwe, na Google iwape washindani sehemu ya taarifa zake. Lakini hakuilazimisha kuuza kivinjari chake, Chrome, wala hakukataza malipo yote.

Sasa, je, mwenye mlango akibadilika, fungu nalo hubadilika? Tuna mifano mitatu, nayo haikubaliani. Ndiyo maana yafaa kusomwa pamoja. Novemba 2014 wenye kivinjari cha Firefox waliiweka Yahoo mlangoni kwa watumiaji wa Marekani. Mwezi uliofuata fungu la Yahoo nchini humo lilipanda likapita 10 katika 100. Lakini halikuendelea kukua, kwa maana watu waliingia katika mipangilio wakairudisha Google wenyewe, na mwaka 2017 Firefox nayo ikairudisha. Huko Ulaya, Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 mwaka 2018 kwa ajili ya simu za Android, na tangu 2020 wenye simu mpya wakaonyeshwa orodha ya mitambo wachague. Wengi wakachagua Google ile ile. Lakini katika Urusi, baada ya mapatano ya mwaka 2017, wenye simu za Android walipopewa nafasi ya kuchagua, fungu la Yandex katika simu hizo lilipanda mwaka hata mwaka mpaka likapita nusu.

Tofauti ni nini? Katika Urusi palikuwa na mshindani aliyeijua lugha ya nyumbani. Maneno ya Kirusi hubadilika miisho yake sana, na Yandex ilitengenezwa tangu mwanzo kwa kuyafuata mabadiliko hayo. Basi mlango peke yake hautoshi. Yatakiwa mlango ufunguliwe na nje awepo mtu anayesema lugha ya wenyeji.

Jambo hili latuhusu sisi hasa. Maneno yetu hubadilika mbele, si nyuma. Kiswahili chasema kitabu na vitabu. Kinyarwanda chasema igitabo na ibitabo, umuti na imiti. Mtambo usiojua kwamba umuti na imiti ni dawa ile ile, moja na nyingi, utamnyima mgonjwa ukurasa mzuri uliopo. Google Translate ilipokea Kinyarwanda Februari 2020, miaka mingi baada ya Kiswahili. Kwa upande mwingine, vijana wa Rwanda walisoma sentensi kwa sauti zao katika mradi wa Common Voice wa Mozilla hata Kinyarwanda kikawa na zaidi ya saa 2,000 za sauti, wingi ambao lugha nyingi za Ulaya hazikuwa nao. Sauti hizo ni wazi kwa kila atakaye kuzitumia. Mtu akitaka kutengeneza Yandex yetu, malighafi imekwisha anza kukusanywa.

Sasa matokeo. Mkubwa akitaka kukua zaidi, huja katika shamba la mdogo. Mjini Nairobi palikuwa na orodha ya biashara iitwayo Mocality. Ililipa watu kwa M-Pesa ili waende mtaa kwa mtaa kuandika maduka, saluni na gereji ambazo hazikuwa katika intaneti. Januari 2012 mkuu wa Mocality alitangaza kwamba watu waliofanya kazi kwa ajili ya Google walikuwa wakichukua nambari katika orodha hiyo na kuwapigia wenye biashara, wakitaka kuwapa tovuti. Google ilikiri, ikaomba radhi. Mwaka 2013 Mocality ilifungwa. Sidai kwamba ilifungwa kwa sababu ya jambo hilo, lakini yaonyesha ni kazi ya nani iliyo chini ya jibu tunalolipata bure.

Tulete mfano wa kwetu. Njia ya miguu na baiskeli iitwayo Congo Nile Trail huanzia hapa Gisenyi ikafuata Ziwa Kivu mpaka Rusizi. Mgeni aitakaye huuliza intaneti mahali pa kulala. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilipima mwaka 2025 kikaona kwamba Wamarekani walipoonyeshwa muhtasari wa akili bandia juu ya majibu ya Google, walifungua ukurasa mara 8 tu katika 100. Pasipo muhtasari walifungua mara 15. Tukope tarakimu hizo kwa mfano tu. Maswali 1,000 juu ya nyumba za wageni za Gisenyi yalikuwa yakileta wasomaji 150. Sasa yaleta 80. Wale 70 waliopotea hawakwenda kwa Bing. Walipewa majina mawili matatu wakatosheka. Nyumba kubwa itatajwa; mama mwenye vyumba vinne karibu na ufuko huenda asitajwe kabisa. Tena mji wetu una majina mawili, Gisenyi la zamani na Rubavu la wilaya tangu 2006, na aliyeandika jina moja tu huweza kukosekana kwa anayeuliza kwa jingine. Namshauri kila mwenye biashara aandike yote mawili, na kwa lugha zaidi ya moja.

Basi nami nikisie, maana si haki kuwacheka waliokosea bila kujiweka hatarini. Nakisia kwamba kwa miaka mitatu ijayo Google itabaki juu ya 85 katika 100 hapa Rwanda kwa hesabu ya StatCounter, kwa kuwa simu nyingi tunazonunua ni za Android na Google ndiyo iliyo mlangoni. Nakisia pia kwamba maswali yenyewe yatahama kimya kimya kwenda kwa vyombo vinavyojibu, kama ChatGPT, na hesabu hiyo haitayaona yote. Wanafunzi ndio watakaotangulia kuhama. Mwenye shaka na awaangalie wenzake wakati wa kazi ya nyumbani.

Nitakuwa nimekosea ikiwa simu zinazouzwa mjini zitaanza kuja na mtambo mwingine mlangoni, au ikiwa mtu atatengeneza mtambo unaojibu Kinyarwanda na Kiswahili cha mpakani vizuri kuliko Google, hata kwa asiyejua kusoma, kwa sauti. Likitokea la kwanza, hesabu itabadilika upesi. Likitokea la pili, sijui itachukua muda gani, nalo ndilo ningependa linikute na kosa.