Mafuta Yaliyo Chini ya Ardhi ya Umma: Jinsi Marekani Inavyoyakodisha

Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia kwamba nchi ya Marekani ina visima vingi vya mafuta na gesi. Lakini si wengi wanaojua ya kuwa sehemu ya visima hivyo imechimbwa katika ardhi isiyo mali ya mtu wala ya kampuni, bali ni mali ya watu wote wa nchi ile. Katika somo la juma hili tutaeleza jinsi Serikali ya Marekani inavyokodisha ardhi hiyo, na kwa sababu gani masharti ya ukodishaji yaliwekwa. Msomaji atakayefuata somo hadi mwisho ataona ya kuwa karibu kila sharti lina kisa chake, na aghalabu kisa hicho ni cha hasara au cha udanganyifu.

Mnazi na mgema

Tuanze na jambo tunalolijua. Katika pwani yetu mwenye minazi huweza kumpa mgema ruhusa ya kugema. Hakumwuzia mnazi wala shamba. Amempa haki ya kuchukua kitokacho mtini kwa muda waliopatana, naye mgema humpa mwenye mali fungu lake. Ukodishaji wa mafuta ni vivyo hivyo. Kampuni haiuziwi ardhi. Hupewa haki ya kuchimba na kuuza kitokacho chini, kwa muda maalumu na kwa malipo.

Lakini iko tofauti moja kubwa. Mnazi uliogemwa leo hutoa tena kesho, na mafuta yakishatolewa ardhini hayarudi. Kwa hiyo mwenye mali akipunjwa katika mafuta, amepunjwa yeye na watoto wake, wala hapana msimu mwingine wa kufidia hasara hiyo. Ndiyo sababu jambo hili lataka uangalifu mwingi.

Ni nani mtunzaji?

Ofisi inayoshughulika na kazi hii huitwa Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi. Iliundwa mwaka 1946, zilipounganishwa ofisi mbili za zamani, moja ya mashamba na moja ya malisho. Iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo kule Marekani haisimamii polisi kama msomaji awezavyo kudhani, bali huangalia ardhi, maji, mbuga na madini ya umma.

Ofisi hiyo hutunza ardhi yapata eka milioni 245, nyingi zikiwa katika majimbo ya magharibi na Alaska. Zaidi ya hayo, husimamia madini yaliyo chini ya eka zipatazo milioni 700. Msomaji atauliza, imekuwaje madini yazidi ardhi? Jibu ni kwamba mahali pengi ardhi ya juu ina mwenyewe na madini ya chini ni ya Serikali. Kwa mfano, sheria ya mwaka 1916 iliwapa walowezi ardhi ya kufugia, hata eka 640 kwa mtu mmoja, lakini Serikali ikajiwekea madini yote ya chini. Hata leo mfugaji wa Wyoming aweza kuona mitambo ikiletwa katika malisho yake, naye hana uwezo wa kuikataza. Haki yake ni kwamba kampuni lazima ijaribu kupatana naye juu ya fidia, na wasipopatana iweke dhamana ya fedha kwa ajili ya hasara itakayompata.

Mafuta yaliyo chini ya bahari yana idara nyingine, nasi hatutayazungumza hapa.

Mambo yalivyokuwa zamani

Kabla ya mwaka 1920 hapakuwa na ukodishaji. Mtu aliyegundua mafuta katika ardhi ya umma aliweza kuidai kwa sheria ya madini, kisha akaipata iwe yake kwa malipo machache sana. Na kwa kuwa mafuta hutiririka chini kwa chini, kila mmoja aliharakisha kuchimba kabla ya jirani yake hajayavuta. Mwaka 1909 wataalamu wa Serikali walionya ya kuwa, ardhi ikiendelea kuchukuliwa kwa kasi ile, Serikali italazimika kununua mafuta yale yale iliyoyatoa karibu bure, nayo manowari zilikuwa zinaanza kuacha makaa ya mawe na kutumia mafuta. Rais Taft akafunga eka zaidi ya milioni 3 za California na Wyoming zisidaiwe na mtu. Watu wa mafuta wakabisha, lakini mwaka 1915 Mahakama Kuu ya nchi ikasema Rais alikuwa na haki.

Ndipo Bunge likatunga sheria ya tarehe 25 Februari 1920. Tangu siku hiyo mafuta ya umma hayatolewi kwa kumilikishwa. Hukodishwa, na mwenye kukodi hulipa mrabaha. Msomaji azingatie neno hili. Mrabaha ni fungu la kile kilichochimbwa, linalolipwa kwa mwenye mali. Kwa Kiingereza jina lake latokana na neno la ufalme, kwa maana zamani fungu hilo lilikuwa haki ya mfalme. Katika nchi isiyo na mfalme, haki hiyo ni ya watu.

Kisa cha mkoba mweusi

Sheria njema haitoshi ikiwa mtunzaji si mwaminifu. Mwaka 1921 Waziri wa Mambo ya Ndani, jina lake Albert B. Fall, alifanya shauri la kuhamisha akiba ya mafuta ya manowari kutoka Wizara ya Manowari ije katika wizara yake. Mwaka uliofuata aliikodisha akiba ya Teapot Dome katika Wyoming kwa Harry Sinclair, na ile ya Elk Hills katika California kwa Edward Doheny. Hapakuwa na mnada, na mambo yalifanywa kwa siri.

Seneta Thomas Walsh wa Montana akaanza kuuliza maswali. Polepole ikajulikana ya kuwa Doheny alikuwa amempelekea Waziri dola 100,000 taslimu, zikachukuliwa na mwanawe katika mkoba mweusi, nao wakaziita mkopo. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ilifuta mikataba hiyo. Mwaka 1929 Fall alihukumiwa kwa kosa la kupokea rushwa, na mwaka 1931 akaingia gerezani. Hapana waziri wa Marekani kabla yake aliyefungwa kwa kosa alilolitenda akiwa kazini. Watu wakajifunza ya kwamba mali ya umma ikikodishwa gizani, mwenye mali hatajua alichopoteza.

Njia ya mkataba siku hizi

Sasa tuangalie hatua zifuatwazo, moja moja.

Kwanza, mpango. Kwa sheria ya mwaka 1976 kila eneo huwa na mpango wa matumizi yake. Mpango huonyesha mahali panapoweza kukodishwa na mahali palipofungwa. Mbuga za taifa hazikodishwi kwa sheria hii.

Pili, uchunguzi. Kampuni hutaja vipande vya ardhi inavyovitaka, na ofisi huvichunguza. Hutazama maji, wanyama, mabaki ya kale na hewa, kisha huweka masharti. Pengine kampuni hukatazwa kuchimba katika miezi ambayo kulungu hukusanyika kukimbia baridi kali, au ndege wa porini wanapotaga. Pengine hukatazwa kuweka mtambo wowote juu ya kipande hicho, ikalazimika kuchimba kwa kupinda kutoka pembeni.

Tatu, tangazo. Siku zisizopungua 45 kabla ya ardhi kutolewa, ni lazima orodha ya vipande itangazwe. Mtu yeyote aweza kuleta pingamizi kwa maandishi. Sharti hili ndilo linalozuia mambo ya mkoba mweusi, kwa kuwa jambo lililobandikwa hadharani haliwezi kufanywa usiku.

Nne, mnada. Ardhi hupewa mwenye kutaja bei ya juu. Haikuwa hivyo siku zote. Zamani mnada ulikuwa wa maeneo yaliyojulikana kuwa na mafuta tu. Ardhi nyingine ilipewa mwombaji wa kwanza mwenye kustahili, na kuanzia mwaka 1960, waombaji walipokuwa wengi, walipigiwa kura. Walanguzi wakaingia katika kura hiyo, wakapata ardhi kwa ada ndogo na kuiuza kwa makampuni kwa bei kubwa, na faida ikawa yao badala ya kuwa ya umma. Mwaka 1987 Bunge likaagiza kwamba ardhi yote itolewe kwanza kwa mnada. Siku hizi minada mingi hufanywa kwa njia ya mtandao.

Tano, muda. Mkataba ni wa miaka 10, na kila mwaka kampuni hulipa kodi kwa kila eka. Isipopata mafuta ndani ya muda huo, ardhi hurudi kwa umma. Ikipata, mkataba huendelea maadamu kisima chatoa mafuta ya kutosha kuleta faida.

Sita, kibali. Mwenye mkataba hana ruhusa ya kupiga kisima siku ile ile. Ni lazima aombe kibali kwa kila kisima, aeleze kina chake, mabomba yake, na jinsi atakavyolinda maji ya ardhini.

Hesabu ya mapato

Tangu mwaka 1920 mrabaha ulikuwa usiopungua sehemu moja ya nane, yaani 12.5 kwa mia. Mwaka 2022 Bunge lilipandisha kiwango kwa mikataba mipya hadi 16.67 kwa mia, na mwaka 2025 likakirudisha 12.5 kwa mia. Twaona hapa ya kuwa fungu la umma halikuandikwa mbinguni. Hupanda na kushuka kwa kadiri ya wale waliochaguliwa.

Tufanye hesabu. Tuseme kisima kimetoa mapipa 1,000, na kila pipa limeuzwa dola 80. Jumla ni dola 80,000. Sehemu moja ya nane ni dola 10,000. Tukiacha makato madogo ya gharama, nusu yake, dola 5,000, huenda kwa jimbo lenye kisima. Dola 4,000 huingia katika mfuko wa maji ulioanzishwa mwaka 1902, ambao umejenga mabwawa na mifereji katika majimbo makavu ya magharibi. Dola 1,000 zilizobaki huingia Hazina. Alaska peke yake hupewa 90 kwa mia.

Lakini ni nani ahesabuye mapipa? Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa miaka mingi Serikali ilitegemea hesabu za makampuni yenyewe. Karibu na mwaka 1980 yakazuka malalamiko ya kwamba mafuta yaibwa katika ardhi ya umma na katika ardhi ya Wahindi Wekundu, na kwamba mirabaha hailipwi kamili. Tume ikachunguza, ikakuta usimamizi ni dhaifu. Sheria ya mwaka 1982 ikaleta ukaguzi mkali wa vipimo na vitabu. Tangu mwaka 2010 kukusanya mirabaha ni kazi ya ofisi ya pekee, mbali na ile inayokodisha, ili mkono mmoja usitoe ruhusa na kupokea fedha pia.

Kisima kikikauka

Jambo la mwisho husahauliwa upesi. Kisima kilichokwisha lazima kizibwe kwa saruji na ardhi irudishwe katika hali yake, kwa maana kikiachwa wazi chaweza kuvujisha gesi na kuharibu maji. Ili kampuni isikimbie, huweka dhamana. Lakini kiasi cha chini cha dhamana, dola 10,000 kwa mkataba mmoja, kiliwekwa mwaka 1960, kikabaki vile vile kwa zaidi ya miaka 60 huku gharama zikipanda. Makampuni mengine yakafilisika na kuacha visima bila mwenyewe. Mwaka 2021 Bunge lilitenga dola bilioni 4.7 za kuziba visima vya namna hiyo katika nchi nzima, na mwaka 2024 ofisi ikapandisha dhamana hadi dola 150,000. Hivyo watu waliokuwa wamepata sehemu moja ya nane ya mafuta wakalipa gharama za kufukia mashimo.

Yatuhusu nini?

Katika Kenya mafuta yaligunduliwa Turkana mwaka 2012. Katiba ya mwaka 2010 yasema madini na mafuta ni ardhi ya umma, na Serikali yayashika kwa amana ya wananchi. Sheria ya mafuta ya mwaka 2019 yaagiza kwamba katika fungu la Serikali, 20 kwa mia liende kwa kaunti na 5 kwa mia kwa jamii ya mahali pale. Njia yetu ni ya mkataba wa kugawana mafuta, nayo si sawa na ile ya Marekani. Hata hivyo maswali ni yale yale: Je, tangazo lilibandikwa? Nani ahesabuye mapipa? Nani atakayeziba kisima? Raia anayejua kuuliza hayo hahitaji kuwa mtaalamu wa mafuta ili ailinde mali yake.

Maswali ya kujadiliwa

1. Eleza tofauti kati ya kuuza ardhi na kuikodisha.
2. Kwa nini tangazo la siku 45 ni kinga dhidi ya rushwa?
3. Kisima kimetoa mapipa 2,400, kila pipa dola 70. Mrabaha wa sehemu moja ya nane ni kiasi gani? Nusu ya jimbo ni ngapi?
4. Dhamana ndogo humfaa nani, na humdhuru nani?