Nyumba ya Ufukweni Inauzwa: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Maagizo haya ni ya mwenye nyumba inayotazama bahari, kuanzia Msasani hadi Mbweni, au ng'ambo Kigamboni, aliyeamua kuuza na anadhani mandhari itamfanyia kazi yote. Haitamfanyia. Bahari si yako, wala huiuzi. Unachouza ni dirisha la kuitazamia, nguzo zinazolibeba dirisha hilo, na hati inayosema una haki ya kuwa hapo. Mnunuzi wa Dar es Salaam ameshaona nyumba za pwani zilizoliwa na chumvi na nyingine zilizowekewa alama nyekundu ya X ya kubomolewa. Atakuja na fundi wake na mwanasheria wake. Mwenye haraka asome habari za chumvi na habari za karatasi. Mengine ni mapambo, ingawa nayo yana pesa ndani yake.

CHUMVI KWANZA

Usipake rangi juu ya kutu. Kwangua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke, ndipo upake rangi ya juu. Grili iliyoliwa ikabaki nyembamba, kata utupe. Rangi mpya juu ya chuma kibovu hufura vipele ndani ya wiki chache za upepo, na mnunuzi akikipasua kipele kimoja kwa ukucha, kila ukuta uliopakwa rangi nyumba nzima unakuwa mtuhumiwa.

Usizibe nyufa za nguzo kwa plasta. Hapa ndipo wauzaji wengi hupoteza pesa, kwa hiyo soma taratibu. Chumvi huingia kwenye zege kwa njia mbili: kwa upepo wa baharini miaka nenda rudi, na kwa mchanga wa ufukweni ambao baadhi ya mafundi walikuwa wakiuchanganya moja kwa moja kwenye zege kwa kuwa ulikuwa bure. Chumvi hiyo ikifika kwenye nondo, nondo hushika kutu; ikishika kutu huvimba; ikivimba husukuma zege, na zege hupasuka kwa mstari ulionyooka kufuata nondo yenyewe. Fundi mzoefu akiona ufa wa namna hiyo kwenye nguzo ya roshani hahitaji hadithi. Anatoa funguo mfukoni, anaanza kugonga kutoka chini kwenda juu. Palipo pazima mlio ni mkavu na mfupi. Palipoachana mlio unabadilika, unakuwa kama wa debe tupu, naye anamtazama bosi wake bila kusema neno. Tangu dakika hiyo bei inapangwa na yeye, si wewe, maana huna karatasi ya kumpinga.

Basi tangulia. Mwite mhandisi wako kabla ya dalali. Zege bovu libomolewe mpaka nyuma ya nondo, nondo isafishwe au iongezwe, zege jipya limwagwe. Piga picha kila hatua, tarehe zionekane, risiti ziwekwe kwenye faili. Faili hiyo itakuuzia nyumba kuliko seti mpya ya sofa.

Osha vioo kwa maji matamu. Visima vingi vya karibu na ufukwe vina maji ya chumvi. Ukioshea kioo maji hayo, unaondoa ukungu mmoja na kuacha mwingine. Tumia maji ya DAWASA, ufute na kukausha, asubuhi ya siku ya wageni na si juzi yake. Na kama nyumba inategemea kisima, mwambie mnunuzi maji yana ladha gani kabla hajafungua bomba mwenyewe.

Usifukize udi kuficha uvundo. Udi ni wa heshima, lakini nyumba ikinukia udi saa nne asubuhi siku ya kuonyeshwa, mgeni wa pwani anajiuliza maiti imelala wapi. Uvundo hutoka kwenye makabati ya ukutani, magodoro ya vyumba visivyolaliwa na dari iliyovujiwa. Toa magodoro juani, acha makabati wazi, ziba panapovuja. Fungua madirisha ya pande mbili upepo upite kwa siku kadhaa. Upepo huo ni bure na hauna harufu.

Mashine za viyoyozi za nje, bawaba za milango, misumari ya bati, swichi za roshani: pita navyo vyote kwa siku moja na fundi mmoja. Kilichokufa kibadilishwe.

BAHARI IONEKANE

Geuza viti. Sebule ya kwetu hupangwa kwa heshima ya televisheni: sofa kubwa zimeipa dirisha mgongo, kabati la vioo limeziba nusu ya bahari, na pazia zito la tabaka mbili limemaliza nusu iliyobaki. Mtu akiingia anaiona skrini kwanza. Ondoa kabati. Pazia zito shusha, acha jepesi la kupitisha mwanga au usiache kitu. Sofa mbili zitazame maji, hata kama wewe na watoto mtatazama mpira mmejikunja shingo mpaka nyumba iuzwe. Mgeni akae, usimwonyeshe bahari akiwa amesimama mlangoni. Aliyekaa kitini akanyamaza dakika moja amekwisha kuanza kujiona yumo.

Grili za juu zifikirie upya. Usalama ni usalama, na sikuambii uache ghorofa ya chini wazi. Lakini dirisha la ghorofa ya kwanza linalotazama bahari kupitia nondo nene za maua na mioyo ya miaka ya 1990 linamfanya mgeni ajione mahabusu. Weka za kufunguka kwa komeo la ndani, au nyembamba za kwenda wima.

Roshani si stoo. Dishi lililokufa, kamba ya nguo, jenereta, ndoo za rangi, baiskeli ya mtoto aliyekwishamaliza chuo. Ondoa vyote leo. Acha viti viwili na meza ndogo. Maua ya plastiki usiweke kabisa; jua la pwani limeshayafanya meupe na kila mtu anajua.

Usikate mikoko ili kufungua mandhari. Mikoko ni msitu wa hifadhi chini ya usimamizi wa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na kuikata bila kibali ni kosa, hata kama imeota mbele ya geti lako. Tena mnunuzi mwenye akili anapenda kuiona, kwa kuwa mizizi yake ndiyo inayoshika udongo. Minazi yako ndani ya ukuta, safisha makuti makavu na angua nazi zilizokomaa. Tajiri akiangukiwa na nazi hamtazungumzia tena bei.

Picha za ukutani za harusi na mahafali zihamishie chumbani. Si kwa sababu ni mbaya. Mgeni hawezi kuwaza wajukuu wake wakikimbia sebuleni huku wa kwako ishirini wanamtazama.

SIKU YA WAGENI

Panga kwa mwezi, si kwa kalenda ya ofisi. Mvuvi yeyote wa Kunduchi atakuambia hili bure. Siku za bamvu, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya Dar hupwa mbali kabisa mnamo saa nne asubuhi na hujaa mnamo saa kumi jioni. Ukimleta mgeni saa nne siku hiyo, utamwonyesha matope, mwani na chupa. Mlete saa kumi: maji yamefika, na kwa kuwa sehemu kubwa ya pwani yetu hutazama mashariki, jua liko nyuma ya nyumba na linaiangaza bahari badala ya kumchoma macho. Mbudya na Bongoyo huonekana hapo kwa rangi zake. Siku za maji mafu, kama wiki moja baadaye, maji hujaa mnamo saa nne na hayaendi mbali, kwa hiyo hata asubuhi si mbaya. Wenye nyumba za upande wa magharibi wa rasi ya Msasani wageuze hesabu ya jua: kwao machweo ndiyo mtaji.

Lakini usimfiche maji yakipwa. Akirudi mara ya pili, na mnunuzi wa kweli hurudi, mwache aje saa ya kupwa. Akigundua mwenyewe baada ya kulipa arubuni, utamsikia kwa mwanasheria.

Picha zipigwe alasiri, simu ikiwa imelala, upeo wa bahari umenyooka. Picha ya wima iliyopigwa asubuhi kutoka ndani ya chumba chenye giza hutoa dirisha jeupe tupu, na ndiyo madalali wanayosambaza kila siku. Wala usiongeze ubuluu kwa programu. Bahari ya Mbezi baada ya mvua za masika ina rangi ya chai ya maziwa, na watu wanaijua.

Usitume picha ya hati WhatsApp. Hata kwa dalali uliyesoma naye. Hati ionekane mezani, mikononi mwako, kwa mtu aliyekwisha kuonyesha nia.

Madalali wawe wawili, kwa maandishi. Ukiwapa kumi, nyumba moja itatangazwa kwa bei kumi, kila mmoja ameweka cha juu chake, na mnunuzi ataamini una shida au ni tapeli. Andika bei, andika asilimia ya udalali, andika kwamba hakuna anayetozwa pesa ya kuonyeshwa nyumba yako.

Usiwafukuze wavuvi. Usimwambie mgeni kwamba ufukwe ni wako. Ngalawa zitapita na kina mama wa samaki watapita, na mnunuzi anayetaka pwani isiyo na watu akatafute kisiwa.

KARATASI NA MASWALI MAGUMU

Jibu swali la mmomonyoko kabla halijaulizwa. Kunduchi bahari imekuwa ikila nchi kavu tangu miaka ya 1970, hata yakajengwa matuta ya mawe kuingia majini mbele ya hoteli; kuchota mchanga kwenye mito inayoulisha ufukwe ni moja ya sababu zinazotajwa daima. Watu wanajua. Walipotangaziwa Kimbunga Hidaya Mei 2024, kila mwenye nyumba ya pwani alihesabu hatua kutoka ukutani hadi majini. Wewe onyesha picha za zamani za ufukwe wako na za sasa, zilizopigwa mahali pamoja. Kama bahari imesogea, sema, na sema umefanya nini. Kurundika viroba vya mchanga wiki moja kabla ya kuonyesha nyumba ni kujichongea.

Mita 60 zisikukute usingizini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kama kibanda chako cha nyama choma, bwawa au ukuta vimo humo, tafuta vibali vyako sasa. Usipovipata, usivitangaze kama sehemu ya mali. Bomoabomoa ya fukweni si ngano kwa watu wa jiji hili.

Mwenzi wako asaini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mke au mume, hata kama hati ina jina lako peke yako. Nyumba ikiwa ya marehemu baba, msimamizi wa mirathi awe ameteuliwa na mahakama, na warithi wawe wamemaliza mabishano yao kabla ya mgeni kuingia. Nimeona mnunuzi akinyanyuka na funguo zake za gari kwa sababu shangazi alisikika jikoni akisema hajaambiwa.

Lipa pango la ardhi, angalia miaka iliyobaki. Ardhi yote Tanzania ni ya umma, imewekwa chini ya Rais kama mdhamini, na wewe una haki ya kuitumia kwa muda, mwisho miaka 99. Hati ya miaka 33 iliyobakiza michache si ya kufichwa. Shughulikia kuihuisha kwanza. Mthamini aliyesajiliwa, upekuzi rasmi wa hati, kodi ya ongezeko la mtaji ya asilimia 10 ya faida kwa mkazi: vyote vina foleni. Anza mapema.

Usitaje bei kwa dola. Masaki walizoea, lakini kanuni za mwaka 2025 zimekataza kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni. Andika shilingi, na sufuri zote zihesabu mara mbili.

Usimuuzie raia wa kigeni kwa jina la mtu mwingine. Asiye raia hupata ardhi Bara hasa kwa njia ya uwekezaji. Anayekushauri umwandike dereva wake kuwa mnunuzi anakuingiza wewe kwenye kesi, si yeye.

Mkikubaliana, andikeni kila kinachobaki na kila kinachoondoka: feni, viyoyozi, tangi, taa za bustani, hata viti vile viwili vya roshani. Deni la kodi ya jengo linalokatwa kwenye LUKU limalizike. Mlinzi aendelee kulipwa mpaka siku ya makabidhiano. Na usiku wa kuhama, ulichoandika kwamba kinabaki usikifungue skrubu.