Usikivu na Kumbukumbu katika Masomo ya Mtandaoni

Mwezi Machi 2020 shule za Tanzania zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, zikafunguliwa mwezi Juni. Katika kipindi hicho masomo yalihamia redioni, katika televisheni na, kwa wenye uwezo, mtandaoni. Mwanafunzi wa Kiwalani anayejifunza kwa simu sasa si jambo la ajabu. Je, anayoyasikia hukaa akilini?

Sikio hupokea sauti zote, bali akili huchagua moja na kuziacha nyingine. Huo ndio umakini. Kilichochaguliwa hushikwa kwa muda mfupi katika kumbukumbu ya kazi, ambayo hubeba mambo manne hivi kwa mara moja. Ndege ikipita juu ya Kiwalani kuelekea uwanja wa Julius Nyerere, au mtandao ukikatika, akili hushughulika kubahatisha maneno yaliyopotea badala ya kutafuta maana.

Hata hivyo, kelele si adui pekee. Darasani mwalimu humwona aliyezubaa, akamwuliza swali. Video haiulizi. Mwaka 2013 Szpunar, Khan na Schacter wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya somo la video la dakika 21, lililogawanywa vipande vinne. Wanafunzi waliojaribiwa baada ya kila kipande walikutwa wakiwaza mengine kwa asilimia 19 ya nyakati walizoulizwa. Wasiojaribiwa, asilimia 41. Waliojaribiwa pia waliandika maelezo mengi zaidi na kukumbuka zaidi.

Jambo hili lina asili yake hata nchini. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wananchi waliketi katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana. Redio haikuachwa iseme peke yake.

Kurudia video mara tatu humaliza kifurushi cha intaneti. Kujiuliza hakugharimu kitu. Hivyo basi, mwalimu na aligawe somo katika vipande vifupi, kila kimoja kikiwa na swali lake.

Zoezi: Sikiliza somo kwa dakika tano, kisha lisimamishe. Funika daftari, uandike mambo matatu uliyoyashika. Linganisha na somo, sahihisha, ndipo uendelee. Kesho yake andika tena bila kutazama. Ni mambo gani yamebaki, na yapi yamepotea?