SOMO LA AFYA: SARATANI YA MLANGO WA KIZAZI



Watu huuliza kwa nini saratani hii huua zaidi wanawake wa nchi kama zetu kuliko wa Ulaya. Wengine hudai ni tabia ya damu zetu, si kweli. Mwaka 2022 iliua wanawake wapatao 350,000 duniani, na katika kila 100 yapata 94 walikuwa wa nchi za kimaskini na za kipato cha kadiri. Jambo kubwa ni ugonjwa umejulikana lini. Huko Marekani, ukikutwa haujatoka mlangoni mwa kizazi, wanawake 91 hivi katika 100 huwa hai baada ya miaka 5. Ukishafika viungo vya mbali, ni 19 tu. Na hao ni watu wa nchi moja.

Saratani hii huja polepole. Chanzo chake ni kirusi cha papiloma, kinachopatikana kwa kukutana mume na mke. Wengi mwili hukiondoa wenyewe. Kikikaa, aghalabu huchukua miaka 15 hadi 20 kuzaa saratani, na huwa upesi zaidi kwa mwenye kinga dhaifu. Muda wote huo mtu haumwi. Basi aliyefika miaka 30 na apimwe akiwa mzima. Muuguzi hupaka siki nyepesi mlangoni mwa kizazi, hungoja dakika moja, na pahala palipoanza kuharibika hugeuka peupe. Mara nyingi hutibiwa papo hapo kwa baridi au joto. Kazi yote ni fupi kuliko kuchambua pishi moja ya karafuu! Wasichana nao wana chanjo, iliyoanza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Wake zetu waliosoma chuoni wanaijua hedhi na istihadha. Damu ikija nje ya siku zake, hutia udhu, husali, na huiona shauri limekwisha. Sala ni sahihi, lakini tabibu hajaambiwa. Damu ya namna hiyo, au baada ya kukutana na mume, au kwa aliyekwisha koma hedhi, yataka kuchunguzwa upesi.

Ugonjwa ukikomaa hutakiwa mionzi, na wengi wetu huvuka bahari kwenda Ocean Road, Dar es Salaam. Nauli, chakula, na mtu wa kumuuguza; hapo ndipo mikarafuu huwekwa rehani.

Waume, msiseme tungoje msimu uishe. Ulizeni kituo cha afya kilicho karibu siku zao za kupima, na mke apewe nauli yake.

Katibu