Wekundu Huu na Wekundu Ule: Somo la Stempu za Zamani

Nyumba nyingi za Rufiji na Kibiti zina kasha la zamani, na ndani yake zimo barua za wazee waliotutangulia. Watoto huzichezea na mchwa huzila, kwa kuwa watu hudhani hazina kazi tena. Leo twapenda kutoa somo juu ya kitu kidogo kilichobandikwa pembeni mwa bahasha hizo, yaani stempu, na hasa juu ya rangi yake. Maana wako watu duniani wakusanyao stempu si kwa ajili ya picha tu, bali kwa kupambanua wekundu huu na wekundu ule katika stempu za namna moja na bei moja. Asiyeijua kazi hiyo aweza kuicheka. Lakini ndani yake mna elimu, na asiyeijua elimu hiyo aweza kuharibu mali ya watu, kama sisi tulivyofanya.

Mama zetu walijua jambo hili kabla ya makarani. Mwanamke atiaye ukindu rangi huchemsha maji, akatia rangi, kisha akatumbukiza mafungu yake. Fungu la kwanza hutoka limekoza. La mwisho, nguvu ya rangi ikiwa imepungua, hutoka limepauka. Akichanganya rangi nyingine siku ya pili, hata kwa kipimo kile kile, haifanani kabisa na ile ya jana. Mkeka ukiisha kushonwa, mwenye macho huonyesha kwa kidole mahali palipoanzia rangi ya pili.

Ndivyo ilivyokuwa kwa wapiga chapa wa Ulaya. Stempu za bei moja hazikupigwa chapa zote siku moja. Zilipokwisha, posta iliagiza nyingine, na mpiga chapa akachanganya wino upya. Mara wino ulizidi kukoza, mara ulipungua, mara karatasi ilikuwa nyingine. Kwa hiyo rangi ya stempu yaweza kutuambia ni ya chapa ipi, na pengine ni ya mwaka gani.

Kwanza tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kubadili rangi ni jambo moja, na kutofautiana kwa rangi ile ile ni jambo la pili. Wadachi walifungua posta Dar es Salaam na Bagamoyo mwaka 1890. Mwaka 1893 walianza kutumia stempu za kwao zilizopigwa juu yake hesabu ya pesa, na mwaka 1901 wakaleta zenye picha ya merikebu ya mfalme wao, Hohenzollern. Siku hizo rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1905 hesabu ikageuzwa, rupia ikawa heleri 100. Na neno hilo ndilo lililotuachia neno letu la hela. Stempu ya heleri 4 ilikuwa ya kijani, ya heleri 7½ nyekundu, na ya heleri 15 buluu. Rangi hizo hazikuchaguliwa ovyo. Mwaka 1897, katika mkutano wa Washington, mataifa ya Umoja wa Posta yalipatana ya kuwa kijani kiwe cha magazeti na karatasi za chapa, nyekundu iwe ya kadi, na buluu iwe ya barua ziendazo nchi za nje. Hivyo karani wa posta wa nchi yo yote aliweza kutambua stempu kwa rangi, hata asipojua lugha yake. Serikali iliposema kijani kiwe buluu, huko ni kubadili rangi. Lakini kijani cha mwaka huu kikikoza kuliko kijani cha mwaka uliopita, wala hapana aliyeamuru, hiyo ndiyo tofauti tunayoisema hapa.

Vita vya 1914 hata 1918 viliongeza tofauti hizo. Wengi wa Rufiji wamesimuliwa habari za manowari Königsberg, iliyojificha katika midomo ya mto wetu mwaka 1914, ikapigwa na kuangamia tarehe 11 Julai 1915. Mwezi wa Januari mwaka ule wa 1915 Waingereza walikuwa wamekwisha kushika kisiwa cha Mafia, na stempu za Wadachi zilizokutwa huko ziligongwa muhuri wa mkono wenye maneno G.R. MAFIA. Kisha mwaka 1917 zikatumiwa stempu za Afrika ya Mashariki na Uganda, zenye kichwa cha Mfalme George wa Tano, zikapigwa juu yake herufi G.E.A. Wakati huo huo Ulaya kulikuwa na shida ya rangi. Kabla ya vita sehemu kubwa ya rangi za viwandani za dunia ilitoka Ujerumani. Vita vilipoanza, njia hiyo ikafungwa, na wapiga chapa wa Uingereza ikawapasa kutumia walichokipata.

Tutazame mifano mitatu katika stempu hizo za Afrika ya Mashariki na Uganda. Ya senti 6 iliyotoka mwaka 1912 ni nyekundu; chapa ya mwaka 1917 ni nyekundu kali, yenye kuwaka kama ua la mkrismasi. Ya senti 10 ina rangi ya machungwa iliyoelekea manjano, na tena iko iliyo machungwa hasa. Ya rupia 1 ilipigwa chapa kwa wino mweusi juu ya karatasi ya kijani. Hii usiitazame usoni tu, bali igeuze. Karatasi nyingine ina kijani cha zumaridi upande wa mbele, na nyingine ina zumaridi hata mgongoni. Mtu aliyezoea kutazama mbele tu hatajua ameshika kitu gani.

Sasa twafika penye hatari. Rangi ya stempu ni ya namna mbili: iko rangi ya kuzaliwa, iliyotoka katika mtambo, na iko rangi ya madhara, iliyoletwa na jua, maji, moshi au hewa. Ya kwanza ni ushahidi. Ya pili ni ugonjwa. Jua huchujua nyekundu na zambarau. Stempu nyingi za makoloni ya Kiingereza za zambarau na kijani zilipigwa chapa kwa wino uliokusudiwa kuchuruzika maji yakigusa, ili mwizi asioshe muhuri akaitumia stempu mara ya pili. Rangi ya machungwa nayo hugeuka kahawia, pengine karibu na nyeusi, ikikaa katika hewa yenye salfa, ile inukayo kama mayai mabovu. Wakaao Delta waijua harufu hiyo, hutoka katika matope ya mikoko maji yakipwa. Basi mtu akikuletea stempu ya machungwa iliyokuwa nyeusi, akakuambia ni chapa ya ajabu isiyopatikana, usiharakishe kufungua mfuko.

Tutaungama kosa letu. Mzee mmoja wa Kibiti alitukabidhi bahasha ya babu yake, aliyekuwa karani zamani za vita vile, yenye stempu ya senti 6 iliyopigwa G.E.A. Sisi, kwa kujiona wajuzi, tukaitia bahasha katika bakuli la maji ili stempu ibanduke. Ikabanduka vizuri, na wekundu wake ukabaki. Lakini muhuri wa posta ulikuwa nusu juu ya stempu na nusu juu ya bahasha, na tarehe ilikuwa katika ile nusu ya bahasha, ambayo sasa ilikuwa uji. Tukawa na wekundu mzuri usio na shahidi. Mzee alipokuja tulimwamkia, tukamwonyesha stempu. Akaitazama kidogo, akauliza, "Mwanangu, na mwandiko wa babu uko wapi?" Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile twafundisha watu mambo haya:

Kwanza, usibandue stempu katika bahasha ya zamani. Stempu, muhuri, tarehe na anwani ni mashahidi wanne wa neno moja. Ukimwondoa mmoja, waliobaki hudhoofika.

Pili, usioshe, usianike juani, wala usigundishe kwa gundi au ugali.

Tatu, pambanua rangi mchana, kivulini, karibu na dirisha. Taa huficha tofauti, hasa ya buluu na kijani. Weka stempu mbili bega kwa bega juu ya karatasi nyeupe. Jicho halikumbuki rangi, bali hulinganisha.

Nne, weka barua katika bahasha safi ndani ya kasha lililo kavu, lililoinuliwa juu ya sakafu, mbali na moshi wa jikoni. Kila masika yakiisha, lifungue upate kuchungulia ukungu na wadudu.

Tano, usitazamie utajiri. Stempu nyingi za zamani thamani yake ni ndogo. Lakini usiiuze kwa mgeni wa kwanza kabla hujamwonyesha mwenye ujuzi.

Walimu waweza kulifundisha somo hili bila stempu hata moja. Chukua utepe wa ukindu uliotiwa rangi, au karatasi ya rangi, nusu uifiche ndani ya kitabu na nusu uiache nje penye jua majuma mawili. Kisha fungua mbele ya watoto, uwaulize: Ipi ndiyo rangi ya kweli? Watajifunza ya kuwa kitu kimoja chaweza kuwa na nyuso mbili, na ya kuwa mwamuzi hana budi kuuliza kilikuwa wapi kabla hajakitolea hukumu.

Na ninyi wakubwa wa vijiji, mwulizwapo habari ya makasha ya marehemu wakati wa kugawa urithi, waambieni warithi wasitupe karatasi kwa sababu hazina bei. Sisi tulikuwa na stempu mkononi, na bado tulishindwa kumjibu mzee. Mali bila daftari hupotea bila habari.